Kikomo cha Bei na Dawa ya Dada Yangu

Siku moja nilinunua dawa ileile mara tatu. Nilianza Karen, mtaa wa wenye nacho hapa Nairobi, katika duka la dawa lililo ndani ya jengo kubwa la maduka, ambako mhudumu alinifungia pakiti kwenye mfuko wa karatasi mzuri kama wa zawadi. Kisha nikarudi Riruta, karibu na ninapoishi, nikanunua kupitia dirisha la nondo. Mwisho nikashuka mjini nikanunua tena. Vilikuwa vidonge vya presha vya nguvu moja na idadi moja. Nilipofika ofisini Upper Hill nilizipanga pakiti zote tatu juu ya meza pamoja na risiti zake. Bei ya Karen ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya mjini.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilisomea ufamasia, nikafanya kazi hospitalini kwa miaka mingi, kisha nikahamia ofisi ya mfuko wa bima ya afya wa serikali, kitengo cha dawa. Wakati ule mfuko ulikuwa ukilipa bei yoyote ambayo mwenye duka aliandika. Mkuu wetu, mwanamume mtaratibu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alituita akatuambia kwamba mambo hayo yangekoma. Kila dawa ingewekewa kikomo. Mfuko ungelipa mpaka hapo, na kama mgonjwa alitaka ya bei ya juu zaidi, angeongeza mwenyewe. Kila mmoja wetu alipewa magonjwa yake. Mimi nilipewa yale ya kudumu: presha, sukari, pumu na kifafa.

Kifafa nilikijua kutoka nyumbani.

Dada yangu ni kifungua mimba wetu. Alianza kuanguka akiwa darasa la nne, huko Kitui, na wenzake darasani wakawa wanakimbia kila alipoanguka, wakirudi baadaye kumchungulia dirishani. Alipofika darasa la saba aliacha shule. Akina mama wa kanisa letu wakamfundisha kushona, na kutoka hapo hakutazama nyuma. Karo yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye cherehani yake. Nilipopata kazi Nairobi nilimleta tukae pamoja. Alikodi chumba cha mbele katika ploti tunayoishi Riruta, akaandika mlangoni kwa rangi nyeupe kwamba anashona sare za shule na nguo za kwaya, na wateja wakamjua. Daktari mmoja katika hospitali kuu ya rufaa alimbadilishia dawa mara kadhaa mpaka akapata moja iliyomkubali, kidonge kutoka kampuni kubwa ya ng'ambo. Kwa miaka minane hakuanguka hata mara moja.

Basi nilipofika kwenye dawa hiyo katika orodha yangu, nilijua ninachokiandika. Dawa yenyewe ilikuwa inatengenezwa na viwanda vingine pia, bila lile jina kubwa, kwa bei ya chini sana. Kikomo kilitakiwa kuwekwa kwenye bei ya chini kabisa iliyosajiliwa. Niliweka hivyo, kisha nikaandika pembeni kwamba wagonjwa wa kifafa wasibadilishiwe vidonge bila daktari kujua. Mkuu aliisoma, akanirudishia.

"Unalosema ni kweli," aliniambia. "Lakini tukianza kutoa nafasi za pekee kabla hata hatujaanza, kila kampuni italeta yake. Tuanze kwanza, tuone."

Nikafuta. Sikulazimishwa. Niliona ana haki, na ninaona hivyo hata leo kwa kiasi fulani.

Kabla orodha haijaanza kutumika tulitumwa kuionyesha kwa wenye maduka. Katikati ya mji kuna mzee mmoja kutoka pwani aliyekuwa na duka la dawa alilorithi kwa baba yake. Jioni alikuwa akifundisha watoto madrasa, na barabara nzima ilimwita maalim, kwa hiyo nami nilimwita hivyo. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye karatasi yangu mstari kwa mstari bila haraka, huku wateja wakisubiri. Kidole kikasimama kwenye dawa ya kifafa.

"Dada, hii ya bei rahisi uliyoiandika hapa umeiona?"

"Imesajiliwa, maalim."

"Kusajiliwa ni karatasi. Nakuuliza kama umeiona rafuni, ukaishika."

Nikamwambia kwamba ingekuja tu. Mfuko ukianza kuilipia, wafanyabiashara wangeiagiza. Aliniangalia kidogo, akasema inshallah, akaikunja karatasi na kuiweka kwenye mfuko wa kanzu yake.

Orodha ikaanza. Sitaki kusema uongo, miezi ile ya kwanza nilitembea nikijisikia vizuri. Bei za dawa za presha zilishuka karibu kila duka nililopita. Hata lile duka la Karen lilishusha. Jirani yetu, dereva mstaafu aliyekuwa akinunua vidonge vya wiki moja kisha anakaa wiki nzima bila, sasa alikuwa anapata vya mwezi mzima. Alinisimamisha getini akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kanisani pia watu walijua nafanya kazi wapi. Jioni nikitoka kazini nilikuwa napitia chumba cha dada, nakaa kwenye kiti cha wateja na kumsimulia yote hayo huku yeye akikunja pindo la sketi.

"Ni vizuri," alikuwa akisema. "Ni vizuri sana."

Dawa zake alijichukulia mwenyewe kwa kadi yake ya bima, kwenye lile duka la dirisha la nondo, karibu na stendi ya matatu. Sikuwahi kumuuliza. Alikuwa mtu mzima aliyenilea mimi, na hakupenda kufuatwafuatwa kuhusu ugonjwa wake.

Alianguka Jumamosi moja mchana. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikianika nguo niliposikia kishindo, kisha sauti ya mama anayeuza mboga nje ya chumba chake ikiniita. Nilipofika, dada alikuwa sakafuni kati ya meza na cherehani, mwili wote ukitetemeka, na pasi imelala juu ya mkono wake. Mama mboga alikuwa amechomoa waya. Niliiondoa pasi, nikamlaza dada ubavu, nikamwekea kitambaa cha sare chini ya kichwa, nikaangalia saa. Nilishafundishwa na yeye mwenyewe tangu nikiwa mdogo: usimshike kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni, kaa hapo. Nikakaa hapo.

Alipofumbua macho alitazama dari kwa muda mrefu, kisha akaniona.

"Imeungua?" akaniuliza.

"Nini?"

"Sketi ya mtoto wa watu."

"Ni mkono wako umeungua, dada."

Akafumba macho tena kana kwamba hilo lilikuwa dogo.

Hospitalini walimsafisha kidonda na kumfunga bandeji kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono. Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi tukisubiri dawa ya maumivu. Miaka minane ilikuwa imekatika kwa siku moja, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshapata sababu.

"Dada, walikubadilishia vidonge, sivyo? Walikupa vile vingine vya bei rahisi?"

Alitazama mkono wake. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Jumatatu niliandika ripoti. Sijawahi kuandika ripoti kwa urahisi namna ile. Nilieleza kwamba dawa za kifafa zitolewe kwenye kikomo mara moja, kwamba kubadilisha kidonge kumeshaleta madhara, na nikatoa mfano wa mgonjwa mmoja wa Riruta, mwanamke, fundi wa nguo, aliyekaa miaka minane salama mpaka alipopewa dawa ya kiwanda kingine. Sikuandika kwamba ni dada yangu. Nilijiambia kwamba hilo lingewafanya wasinisikilize. Mkuu aliisoma mbele yangu, polepole, na alipomaliza alisema ingeenda mbele ya kamati Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Siku chache baadaye dada aliniomba nimtafutie kifungo cheusi cha koti, kwa kuwa mkono wake mmoja haukuwa ukifanya kazi vizuri. Alikuwa na makopo mengi ya vifungo kwenye rafu, mengine ya majani ya chai, mengine ya siagi. Nilifungua moja, nikafungua la pili. Katika la tatu hapakuwa na vifungo. Palikuwa na pakiti ya dawa yake, ile ya zamani ya kampuni kubwa, na ndani yake vidonge vilivyokatwa katikati kwa wembe, nusu baada ya nusu, vimepangwa vizuri.

Nilisimama nalo mkononi. Alikuwa amenipa mgongo, lakini cherehani ilinyamaza.

"Hawakukubadilishia," nikasema.

"Hawakunibadilishia."

"Kwa nini basi ulisema walikubadilishia?"

Aligeuka kwenye kiti chake. "Uliuliza kama mtu ambaye ana jibu tayari. Nilikuwa nimechoka."

Ndipo akanieleza. Mwezi wa kwanza wa orodha mpya alienda pale dirishani akaambiwa bima inalipa sehemu tu, sehemu nyingine aongeze. Akaomba ile ya bei rahisi. Haikuwepo. Akaambiwa ajaribu mjini. Akaenda mjini maduka mawili, huko nako haikuwepo. Akaongeza. Mwezi wa pili wateja walikuwa wachache, shule zilikuwa zimefungwa, hakuwa na cha kuongeza kwa pakiti nzima. Akachukua nusu ya idadi, na kila kidonge akakikata katikati.

"Mbona hukuniambia? Mimi ningelipa."

"Najua ungelipa."

"Sasa?"

"Ulikuwa unaingia hapa kila jioni na furaha. Yule dereva amepona, huyu amepata dawa, yule ameshukuru. Kanisani wananishukuru mimi kwa ajili yako. Ningeanzia wapi? Niseme kazi ya mdogo wangu imenikosesha dawa?"

Nililirudisha kopo kwenye rafu, kisha nikalichukua tena, nikaondoa vile vidonge, nikaenda kumnunulia pakiti nzima. Alikipokea kidonge kizima pamoja na glasi ya maji bila kubishana.

Kilichonisumbua siku zilizofuata ni hiki. Ripoti yangu ilikuwa imeshafika juu. Kamati ingeikubali, nilikuwa na hakika, kwa kuwa hakuna aliyetaka kulaumiwa kwa mtu kuungua. Dawa ya dada ingelipiwa yote kama zamani. Mfano wangu ulikuwa wa uongo, lakini hakuna ambaye angejua, na nilichokiomba kilikuwa kitu chema. Nilijaribu kujiridhisha hivyo kwa siku tatu nzima. Kila nilipofika mwisho wa hoja zangu niliwaona wagonjwa wengine wa kifafa, ambao kuanzia hapo wangeambiwa kwamba dawa ya bei rahisi inaangusha watu, na pengine ndiyo pekee ambayo wangeweza kuipata. Nilikuwa nimeisingizia dawa ambayo dada yangu hakuwahi hata kuionja.

Nikaenda kwa mkuu. Nilimkuta peke yake, akila ndizi mezani kwake.

"Yule mgonjwa wa Riruta ni dada yangu," nilimwambia. "Na nilichoandika juu yake si kweli."

Aliweka ndizi chini. "Ulijua wakati unaandika?"

"Sikujua. Lakini pia sikuchunguza."

Alitazama dirishani, ambako wanaume walikuwa wakipandisha vioo kwenye jengo jipya ng'ambo ya barabara.

"Anaendeleaje, dada yako?"

"Mkono unapona."

"Sawa. Alhamisi utakuja. Utawaambia wewe mwenyewe, si mimi."

Kamati ilikuwa ya watu kama kumi, wengi wao wanaume wa suti. Nilieleza kutoka mwanzo, bila kujificha: undugu wetu, kopo la vifungo, nusu vidonge. Nilipomaliza, daktari mmoja wa magonjwa ya ubongo kutoka hospitali ya rufaa, mama mfupi mwenye mvi, ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kwa hiyo dawa ya bei rahisi haikumdhuru?"

"Hakuipata, daktari. Haikuwepo dukani."

"Basi shida ndiyo hiyo hapo," alisema, akiwageukia wenzake. "Tumeweka kikomo kwa bei ya kitu ambacho hakipo. Mgonjwa wake hakushindwa na dawa. Alishindwa kuongeza, akaona haya kusema."

Mmoja wa wale wa suti aliuliza ni wangapi wengine wako hivyo. Hakuna aliyejua, hata mimi niliyeandika ile orodha. Kwa hiyo nikapewa mwenzangu mmoja wa ofisini na tukatumwa kwenda madukani, safari hii si kuuliza bei bali kuangalia rafu. Tulizunguka mjini, tukapanda Kawangware na Dagoretti, tukaenda hadi Karen. Dawa nyingi za orodha zilikuwepo, na kwa bei nzuri. Nilifurahi kuona hivyo, lazima niseme. Lakini chache, ile ya kifafa ikiwa mojawapo, hatukuziona popote kwa bei tuliyoandika.

Kwa maalim nilienda peke yangu. Nilitarajia aniambie kwamba alinionya. Hakusema hivyo. Alinionyesha nafasi tupu kwenye rafu, akaniambia ameagiza mara mbili na aliyeleta alileta kidogo. Kisha akaniagizia kahawa yenye tangawizi kutoka kwa muuzaji wa mlangoni.

"Unajua, dada," alisema, "mtu akija akaambiwa aongeze akanigombeza, huyo simhofii. Huyo atatafuta njia. Kuna wale wanaosema, haya, nitarudi. Wanasema kwa adabu kabisa. Hao ndio hawarudi, na hao ndio nawafikiria nikifunga duka."

Nilimuuliza anawafanyia nini.

"Sasa ninawauliza. Kabla hajatoka namwuliza, utameza nini mpaka hapo utakaporudi? Wengine wananiambia ukweli."

Swali hilo nililiandika kwenye ripoti yangu ya pili, neno kwa neno, bila kutaja ni la nani, kama alivyoniomba.

Utaratibu ulibadilishwa, ingawa ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kikomo kikawa kinawekwa kwa bei ya dawa inayopatikana madukani, na watu wanatumwa kwenda kuhakikisha kila baada ya muda. Wagonjwa wa kifafa hawabadilishiwi bila daktari, na wakati wa kubadilishwa mfuko unalipia dawa zote mbili, ya zamani na mpya, mpaka daktari aridhike. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kutotangaza undugu kwenye ripoti ya kwanza. Mkuu aliniletea mwenyewe. Niliitia sahihi nikamshukuru, na kwa kweli sikuwa na kinyongo.

Ile dawa ya bei rahisi ilipoanza kupatikana, nilimpeleka dada kliniki. Yule daktari mwenye mvi alimweleza kwamba ana uhuru: abaki na ya zamani au ahamie mpya pole pole, kwa wiki kadhaa. Nilikuwa tayari kujibu kwa niaba yake kwamba atabaki. Yeye akajibu kwanza.

"Ninahamia."

"Dada, huna haja," nilimwambia. "Sasa inalipiwa."

"Leo inalipiwa. Kesho mtabadilisha tena orodha yenu." Hakulisema kwa ukali. "Na kama ni dawa ileile kwa watu wengine, ni ileile na kwangu. Nataka kujua mwenyewe."

Akahama. Zilikuwa wiki ngumu kwangu kuliko kwake. Nikisikia kijiko kikianguka jikoni nilikuwa naruka. Yeye aliendelea kushona, ila aliacha kupiga pasi akiwa peke yake, na mama mboga alikubali kuwa anaingia kukaa naye wakati huo, akimenya maharagwe yake. Sasa ni zaidi ya mwaka na hajaanguka. Mkono umebaki na kovu refu linalong'aa, na wateja wakiuliza anawaambia ni pasi, basi.

Kitu kingine kilichobadilika ni kwamba siku hizi ofisi inaandika tangazo la Kiswahili la kubandikwa kwenye maduka ya dawa kila orodha inapobadilika, na kazi ya kuliandika nimepewa mimi. Kabla ya kulipeleka kwa mkuu namsomea dada, akiwa kwenye cherehani yake. Asipoelewa, naandika upya. Juzi alinirudisha mara mbili kwa sababu ya neno "ustahiki."

"Nani hapa Riruta anasema ustahiki?" aliniuliza, uzi ukiwa mdomoni. "Andika tu: bima yako inalipa hii, na hii hailipi, na usiondoke bila dawa kabla hujauliza."

Nikaandika hivyo. Mkuu alilipitisha bila kubadilisha hata herufi moja.